Breki kwanza, rangi baadaye: kununua stesheni wagoni ya zamani Uganda

Tangu Oktoba 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza nchini gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe. Kwa mtu anayetamani stesheni wagoni ya zamani, maana yake ni kwamba gari lake tayari liko hapa hapa. Liko nyuma ya nyumba ya mzee fulani Jinja, au chini ya mwembe Soroti likiwa limefunikwa turubai, au bado linabeba matoke kutoka Masaka kila wiki. Utalipata kwa kuuliza, si kwa kuagiza. Waulize mafundi wazee, maana wao wanajua kila gari la zamani lilipolala na kwa nini lililala.

Ninachoandika hapa ni kwa ajili ya anayetaka gari la kuendesha akiwa na familia ndani, si pambo la kukodishia harusi. Kanuni ni moja tu: unanunua bodi na karatasi. Injini, giaboksi na hata viti utavipata kwa wauza spea wa Kisekka au Ndeeba, Kampala, ukiwa na subira. Chesisi iliyooza na umiliki wenye utata, hivyo hakuna duka linalouza dawa yake.

Hatua ya 1: Chagua gari ambalo fundi wa mtaani analijua

Kwa Uganda, majina yanayorudi mara kwa mara ni Peugeot 504 na 505, Toyota Corolla DX ya miaka ya 1980, na Mercedes ya W123 yenye mgongo mrefu. Peugeot ina historia yake. 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, halafu 504 ikashinda 1975 na 1978. Mashindano hayo yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo wazee wetu waliziona zikipita kwa macho yao. Zilizoshinda hazikuwa stesheni wagoni, lakini sifa ilienea kwa ukoo mzima.

504 ya stesheni wagoni si saluni iliyoongezwa kabati nyuma. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 2.90, wakati saluni ni mita 2.74, na ekseli ya nyuma ni nzima, imekalia springi nne, mbili kila upande. Ndiyo maana inabeba. Ile yenye safu tatu za viti ndiyo iliyokuwa teksi ya masafa marefu Kenya, na upande huo bado kuna spea nyingi, hivyo mtu wa Busia au Malaba ana nafuu kuliko wa Kabale.

Mercedes ni tamu kuendesha, lakini sehemu ya nyuma ina mfumo wa mafuta ya haidroliki unaosawazisha urefu wa gari mzigo unapoongezeka. Ukifa, fundi asiyeujua atakuwekea springi za gari lingine, na gari litakaa kama linataka kuruka. Kama hili ndilo litakuwa gari lako pekee, mimi ningekushauri Corolla DX. Haina madaha, na kila gereji kutoka Arua hadi Mbarara imeshaifungua.

Hatua ya 2: Karatasi kabla ya boneti

Usifungue boneti kabla hujaona logibuku, yaani kitabu cha usajili wa gari. Jina lililomo ni la anayeuza? Kama mwenyewe alifariki, nani ana mamlaka ya kuuza? Magari ya zamani mengi ni ya urithi, na mtoto mmoja anaweza kuuza kile ambacho ndugu zake hawajakubali. Hapo ukinunua, umenunua kesi.

Soma namba ya chesisi kwenye gari lenyewe kwa macho yako, tarakimu kwa tarakimu, ulinganishe na logibuku. Namba ya injini pia. Injini ikiwa imebadilishwa si dhambi, mradi mabadiliko yameandikwa. Angalia kama chuma kinachozunguka namba ya chesisi kimechomelewa au kusagwa. Kisha fanya upekuzi kwenye ofisi ya usajili wa magari kujua kama kuna mkopo au zuio juu ya gari, na uliza polisi kama halitafutwi.

Mkataba wa mauziano uandikwe, ushuhudiwe na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) au wakili, na malipo yapite benki. Usikubali kubaki na logibuku ya mtu mwingine pamoja na fomu aliyokwisha kutia sahihi, eti utahamisha jina baadaye. Muuzaji akihama au akifa, utabaki na gari ambalo kisheria si lako.

Hatua ya 3: Sumaku, bisibisi na tochi

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi. Nenda asubuhi, gari likiwa kavu. Likiwa limetoka kuoshwa na linang'aa kwa maji, rudi siku nyingine.

Chukua sumaku ndogo, ile ya spika mbovu inatosha, uifunge kwa kitambaa chembamba isikwaruze rangi. Ipitishe polepole kwenye vizingiti vya milango, kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, na chini ya madirisha ya nyuma. Penye chuma utaisikia inavuta mkono. Penye fila, ile lipu ya kuzibia bodi, inalegea ghafla, na ukiiachia inaanguka. Fila kidogo kwenye mlango ni mkwaruzo uliotengenezwa. Fila kwenye kizingiti chote ni tundu lililozibwa, na kizingiti ndicho kinachobeba gari.

Halafu ingia chini. Muuzaji atakuambia, "Mzee, hii injini haijawahi kufunguliwa." Mjibu kwa heshima, "Nashukuru Hajji, lakini hebu nishikie tochi kwanza." Gonga kwa mpini wa bisibisi pale springi na shokapu za nyuma zinapofungwa kwenye bodi, gonga sakafu chini ya miguu ya dereva, gonga chini ya betri. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kadibodi. Ukikuta tumbo lote la gari limepakwa oili chafu, pangusa kwa kitambaa kabla ya kugonga. Wapo wanaopaka kwa nia njema ya kuzuia kutu, wapo wanaopaka kuificha, na kwa vyovyote oili hiyo inazilainisha na kuzila bushi za mpira.

Huku kwetu hakuna chumvi inayomwagwa barabarani kama Ulaya wakati wa baridi. Kutu yetu inaletwa na udongo wa murram unaoganda ndani ya matao ya magurudumu na kubaki na unyevu msimu mzima wa mvua. Chokoa udongo huo kabla hujaamini chochote. Gari lililoletwa zamani kutoka Uingereza, hata hivyo, linaweza kuwa na kutu za aina zote mbili.

Stesheni wagoni ina maeneo yake ya ziada: bawaba za mlango wa nyuma, mfereji wa maji juu ya paa, na shimo la tairi la akiba. Ukiinua zulia la nyuma ukakuta maji, mpira wa mlango umechoka. Nitaurudia mpira huo huko mbele, maana unaweza kuua.

Hatua ya 4: Injini, kwa ufupi

Iwashe ikiwa baridi kabisa. Ukiikuta tayari ina joto, jiulize nani aliiwasha na kwa nini. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha, pamoja na utelezi wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, ni gasketi ya silinda hedi iliyokufa. Injini ya 504 ina hedi ya alumini na haisamehe dereva aliyeendelea kuendesha baada ya sindano ya joto kupanda.

Usiogope wanaosema petroli ya siku hizi isiyo na risasi itaua vali. Hedi za alumini huwa na siti za vali za chuma kigumu zilizopachikwa, kwa hiyo hatari iko zaidi kwenye injini kuukuu zenye hedi ya chuma cha kusubu. Cha kuogopa ni mipira ya mafuta iliyokauka. Ikunje kwa vidole: ikionyesha nyufa, badilisha yote, kuanzia tangi hadi kabureta, kabla ya kuliendesha popote. Petroli inayodondokea eksosi haikupi nafasi ya pili.

Mpaka hapo ukiwa umeridhika, patana bei. Usitumie fedha zote kwa muuzaji, baki na kiasi kikubwa cha kutosha kwa kazi inayofuata. Gari lililokaa miaka mingi lisiendeshwe kwenda nyumbani, hata kama linawaka vizuri. Likodishie gari la kuvuta lenye kitanda.

Hatua ya 5: Breki, zote, bila kuonea huruma hata mpira mmoja

Kabla ya yote, usalama wako chini ya gari. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Weka stendi za chuma, zuia magurudumu mengine kwa kabari, na usikubali fundi alale chini ya gari lililoegeshwa juu ya matofali au gogo, hata akisema amezoea.

Jaribio la kwanza halihitaji spana. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki kwa nguvu ushikilie dakika nzima. Pedali ikizama taratibu, master silinda (pampu kuu ya breki) inapitisha ndani au kuna bomba linavuja. Kisha kanyaga na kuachia mara kadhaa, shikilia, uwashe injini: pedali ishuke kidogo. Isiposhuka, kisaidizi cha breki hakifanyi kazi.

Ukifungua dramu za nyuma, usipulize vumbi kwa kompresa wala kwa mdomo. Pedi na viatu vya breki vya miaka hiyo vilikuwa na asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Limwagie maji ya sabuni, pangusa kwa kitambaa kibichi, funga kitambaa ndani ya mfuko na ukitupe.

Badilisha mipira yote ya breki inayopinda. Mpira wa zamani unaweza kuonekana mzima nje huku ndani umevimba na kuziba. Mafuta yanaenda kwa nguvu ya mguu wako lakini hayarudi, na gurudumu moja linabaki limeshikwa. Gari linalovuta upande mmoja ukifunga breki, anzia hapo. Mabomba ya chuma yenye kutu nayo yabadilishwe yakiwa mazima, bila viungo vya katikati.

Kuna kitu kimoja ambacho mafundi wengi wa saluni hawakijui. Stesheni wagoni nyingi za miaka hiyo zina vali ya kugawa nguvu ya breki, iliyofungwa juu ya ekseli ya nyuma kwa springi au mkono wa chuma. Gari likiwa tupu, nyuma inakuwa juu na vali inapunguza breki za nyuma zisibane mapema. Likijaa mzigo, nyuma inashuka na vali inafungua. Sasa tazama kwa tochi: mara nyingi utaikuta imeganda kwa udongo, au mkono wake umefungwa kwa waya ule wa kufungia uzio. Ikiwa imefungwa hivyo, ukikanyaga breki kwenye lami yenye mvua gari likiwa tupu, nyuma inakuja mbele. Ifungue, isafishe, na kama imekufa itafutwe nyingine. Usikubali irukwe. Na wakati wa kutoa hewa kwenye breki, ekseli iwe imebeba uzito wa gari, isining'inie, la sivyo vali itabaki imefunga na hewa haitatoka.

Mafuta ya breki yawe DOT 4, kutoka kopo jipya lililofungwa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kuanzia nyuzi 155. Tofauti hiyo utaiona ukishuka kutoka Kapchorwa kuelekea Mbale: breki zinapata moto, mafuta yanachemka, na pedali inaenda mpaka sakafuni. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili.

Ukinunua gari la kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, uliza kama lina mkondo mmoja tu wa breki. Mengi yalikuwa hivyo. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki, na hapo breki ya mkono si ya kuegeshea tu, ni maisha yako. Ifanye ishike kweli kweli.

Hatua ya 6: Usukani, tairi na vitu vya kutompelekea fundi wa Katwe

Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala, wanaweza kukuundia karibu chochote, na kwa bodi, eksosi au kitasa cha mlango mimi ningewapelekea bila wasiwasi. Lakini tairodi na boljointi (viungo vya usukani na magurudumu ya mbele) na mabomba ya breki havichomelewi wala haviundwi. Hivyo hununuliwa vipya.

Kupima: inua mbele, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, ni beringi au boljointi. Shika kushoto na kulia ulitikise. Likicheza, ni tairodi au boksi la usukani. Mtu mwingine achungulie wakati unatikisa, ataona ni kiungo kipi kinachocheza.

Tairi usizihukumu kwa meno peke yake. Ubavuni kuna tarakimu nne mwisho wa maandishi ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye miaka kumi itolewe hata kama ina meno ya jana, na usisahau ya akiba, ambayo mara nyingi ndiyo nzee kuliko zote. Usikubali tairi zilizochongwa meno upya kwa kisu.

Hatua ya 7: Nyuma ya gari

Hapa ndipo stesheni wagoni inapotofautiana na magari mengine, na ndipo watu wanapopasahau. Mgongo wake ulionyooka unavuta hewa kurudi nyuma ya gari linapotembea, na moshi wa eksosi unavutwa pamoja nayo. Mpira wa mlango wa nyuma ukiwa umechanika, au ukiendesha mlango ukiwa wazi kwa sababu matoke yamezidi, moshi huo unaingia ndani. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu. Watoto waliokaa safu ya mwisho wanaanza kulala, nawe unadhani ni uchovu wa safari. Badilisha mpira, ziba matundu ya sakafu, hakikisha mdomo wa eksosi unatokeza nje ya bampa, na mzigo usioingia uende kwenye gari lingine.

Mikanda: safu za nyuma za magari haya mara nyingi hazina. Chunguza kwanza chini ya vitambaa vya nguzo na sakafu, unaweza kukuta matundu ya kiwandani yenye uzi wa bolti yamezibwa kwa plastiki. Bolti za mikanda katika magari mengi ni za inchi 7/16 zenye uzi wa UNF (uzi mwembamba wa kipimo cha inchi), hata kwenye gari ambalo bolti nyingine zote ni za milimita. Usilazimishe ya milimita 12, itaingia kwa shida na kuharibu uzi. Pasipo na tundu, sakafu itobolewe palipo pazima na kuwekwa kibati cha chuma kinene kwa chini, kwa sababu washa peke yake itachana bati kama karatasi. Kiti kisichoweza kufungwa mkanda, king'oe. Bora gari la watu watano.

Weka wavu au chuma cha kutenganisha mzigo na abiria. Gunia la mkaa nyuma ya shingo yako linaendelea na safari hata gari likisimama.

Hatua ya 8: Umeme na maji

Funga swichi ya kukatia betri. Waya za miaka 40 hukauka, na magari haya yana fyuzi chache mno. Taa za mbele zipewe relei zake (swichi ndogo za umeme), utashangaa balbu ile ile inavyong'aa. Ongeza taa ya tatu ya breki kwenye kioo cha nyuma. Kizima moto kikae karibu na kiti cha dereva, si chini ya mizigo.

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kinachoiokoa injini ni presha ya mfuniko wa rejeta, kwa hiyo mfuniko uliochoka ubadilishwe, na maji ya kisima yaondolewe. Weka kipoza-injini (coolant) halisi, hasa kwa hedi ya alumini.

Hatua ya 9: Safari za kwanza

Lipia bima ya mtu wa tatu, kisha lipeleke kwa mkaguzi wa magari wa polisi, IOV, likaguliwe na jicho lisilokuwa na mapenzi na gari hilo. Anza kwenye barabara tupu iliyonyooka, mwendo wa kilomita 40 kwa saa, funga breki mara kadhaa ukiangalia kama linanyooka. Simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa: inayotoa joto kupita nyingine ina breki iliyoshikwa. Baada ya kilomita 80 hadi 100, kaza tena nati za magurudumu yote.

Halafu pakia nusu ya mzigo uende mji wa karibu na kurudi siku hiyo hiyo. Barabara za milima ziache mpaka uyajue mazoea ya gari, na ukienda, shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Kila asubuhi ya wiki za mwanzo angalia kichupa cha mafuta ya breki. Kikiwa kimeshuka, usiongeze tu na kuondoka. Tafuta kwanza yalikotokea, na gari libaki limeegeshwa mpaka upaone.